Dramu moja, nyumba mbili

Saa kumi na moja jioni, Ijumaa. Jua limeanza kushuka upande wa ziwani. Katika kibanda chake cha viatu mjini Suna, Kaunti ya Migori, Zablon Monari anagonga msumari wa mwisho kwenye soli, anavua aproni, kisha anaingia nyuma ya pazia na kutoka na kitu ambacho mteja mgeni hakitarajii kwa fundi wa viatu: ngoma kubwa ya bendi, nyekundu iliyofifia, inayomfika mapajani.

Anailaza juu ya gunia safi. Anapangusa ukingo wake kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, skrubu moja baada ya nyingine. Hana muda mwingi. Yeye ni Msabato, na jua likizama mikono yake inapumzika hadi kesho jioni.

"Mzee Zablon, hii ngoma inaoga kuliko watoto wangu," anamtania Trizah, muuza mboga wa kibanda cha pili, aliyekuja kuchukua sendo zake.

"Watoto wako wako na mama. Hii iko na mimi peke yangu," anajibu bila kuinua kichwa.

Trizah anacheka na kwenda zake. Zablon hacheki sana. Kwa kawaida, Ijumaa jioni ngoma hii haipo Suna. Kwa zaidi ya miaka thelathini ilikuwa ikisafiri kila Ijumaa kwenda kwa mwenye nusu ya pili. Tangu Machi imekuwa ikilala hapa, na hilo linamnyima usingizi.

Zablon, mwenye umri wa miaka 63, ndiye mwenye ngoma kubwa, kanyagio lake, na ile ndogo yenye nyuzi za chuma chini yake. Ngoma mbili za katikati, matoazi yote na kiti cha mpigaji viko Kosele, Kaunti ya Homa Bay, nyumbani kwa rafiki yake Cephas Ogweno. Seti ni moja, wenyewe ni wawili, na ukiitaka yote lazima uwatafute wote.

"Watu hufikiri tuligombana tukagawana kama watu wanaoachana," anasema Zablon. "Kugombana tuligombana, sikatai. Lakini chanzo ilikuwa Sabato."

Anaeleza. Mwaka 1983 alijiunga na bendi moja ya muziki wa benga iliyokuwa ikizunguka Suna, Awendo na Rongo. Kiongozi wake, Omosa, alikuwa ameinunua seti hiyo ikiwa tayari mtumba, kutoka kwa mwalimu mmoja aliyekuwa akihama. Nembo ya kiwanda ilikuwa imeshafutika, na hadi leo hakuna anayejua iliundwa wapi wala lini.

Omosa alimpenda Zablon kwa mkono wake mwepesi, ila kulikuwa na shida moja. Mazishi mengi huku hufanyika Jumamosi, na bendi ilikula kwa mazishi. Zablon hakupiga Jumamosi hata kwa kubembelezwa. Ndipo bendi ikaamua kufanya jambo ambalo bendi nyingine zililicheka: ikaajiri wapiga dramu wawili. Cephas, Mkatoliki wa Kosele, akachukua Ijumaa usiku na Jumamosi. Zablon akapewa Jumapili, siku za harusi za Wasabato wenzake, pamoja na sikukuu.

Mambo yalikwenda hivyo kwa miaka kumi na moja. Bendi ilipovunjika mwaka 1994, Omosa, aliyekuwa akirudi kulima kwao, aliamua kuwaachia wapiga dramu ile seti. Kila mmoja akadai ni yake.

"Mimi nilisema ni yangu kwa sababu niliitunza," anasema Zablon. "Cephas akasema ni yake kwa sababu ndiye aliyeipiga zaidi. Tulibishana mpaka Omosa akachoka. Akaleta mkokoteni, akaniwekea hizi. Zile nyingine akampa Cephas. Akasema, sasa nendeni, na yeyote atakayetaka kuuza atauza nusu."

Walikaa miezi minne bila kusemezana. Kisha Cephas akapata mazishi ya Jumamosi na Zablon akapata harusi ya Jumapili, wikendi moja. Ilibidi mmoja avunje ukimya. Zablon anasisitiza kwamba ni Cephas aliyeanza. Cephas, kama tutakavyoona, ana maelezo yake.

Tangu hapo utaratibu ukawa mmoja. Ijumaa mchana Zablon hupeleka nusu yake hadi Rongo, Cephas huipokea. Jumapili asubuhi na mapema hukutana hapohapo, na seti nzima huelekea upande wa Migori. Jioni kila nusu hurudi kwake. Kwa kazi moja kila mmoja alipata kati ya shilingi elfu moja na elfu mbili, na katika miezi ambayo viatu havikuja, pesa hiyo ndiyo iliyonunua unga.

Ufundi wake wa viatu uliisaidia seti. Kanyagio la zamani hushikwa na mkanda wa ngozi, na Zablon ameubadilisha mara nyingi kwa mikanda ya suruali iliyochoka. Hakufanikiwa kila mara. Mwaka mmoja ngozi ya ngoma kubwa ilipasuka, naye akaiwamba ngozi ya mbuzi ambayo hakuwa na subira ya kuianika vizuri.

"Cephas akaenda nayo kwa matanga huko Kabondo," anasimulia, na sasa anacheka kwa kweli. "Mbwa wa kijiji chote wakaja kulala mbele ya bendi. Kila akikanyaga wananyanyua vichwa. Alinipigia simu usiku huohuo, matusi aliyonitukana siwezi kuyarudia hata siku ya kazi, sembuse sasa Sabato ikiingia."

Mkewe, Bathsheba, ameishi na ngoma hiyo tangu siku ya harusi. "Niliambiwa naolewa na mwanamume asiye na mke mwingine," anasema. "Kuingia nyumbani, nikakuta mwenzangu amelala kitandani kwa sababu paa lilikuwa linavuja upande wa pili. Nikamwambia Zablon, mimi sina wivu, lakini leo atalala chini."

Wazee wa kanisa nao walimwita mara moja. Kanisani kwao dramu haziingii, na walitaka kujua za nini nyumbani kwa muumini. Aliwaambia kwamba hazijawahi kulia siku ya Sabato mikononi mwake. Wakamwacha.

Mwezi Machi Cephas alipatwa na kiharusi. Alilazwa wiki mbili, akatoka hospitalini akiwa hai na mwenye akili zake, lakini upande wa kushoto umelegea. Mwezi Mei alimpigia simu rafiki yake na kumwambia aje achukue nusu iliyobaki.

Zablon alisema sawa, kisha hakwenda. Simu ya pili hakuipokea. Ya tatu alimpa Bathsheba aseme yuko bafuni.

"Nilimpiga chenga mgonjwa," anakiri. "Nilijua nikibeba yale matoazi, ndiyo nimemwambia kazi yake imekwisha. Mimi ndiye nitakayekuwa nimesema, si daktari. Niliogopa."

Ni Bathsheba aliyekata shauri. Alimwambia kwamba yeye hawezi kuendelea kudanganya mtu aliye kitandani, na kwamba kama hataki kuchukua vitu vya watu, aende akaseme hivyo mbele yao.

Jumapili asubuhi mwandishi huyu anaandamana naye hadi Kosele. Zablon amebeba ngoma kubwa, kanyagio na ile ndogo, vyote vimefungwa kwa magunia.

Cephas, 66, ameketi karibu na mlango, mkono wa kushoto juu ya paja. Nyuma yake ngoma mbili zimefunikwa vitambaa vilivyofumwa na mkewe, Edith, na matoazi yananing'inia ukutani, yamesuguliwa yakang'aa. Harufu ya viazi vitamu inatoka jikoni.

"Omera, rafiki yangu, umekuja," anasema. "Nilidhani Migori imehama."

"Nimekuja, ndugu yangu."

"Edith, shusha hizo vitu. Mwenyewe amefika."

Zablon anatoka nje, anarudi na ngoma kubwa, anaiweka katikati ya sebule na kuanza kuifungua gunia. Cephas anaionyesha kwa kidole.

"Sasa hiyo unaleta ndani kwa nini? Si ungeacha kwa gari?"

"Gari limeenda. Hii inabaki hapa."

"Zablon, mkono imekataa. Angalia. Hata kikombe siwezi shika. Wewe chukua zote upige, mimi nimeridhika."

"Nikichukua zote, Jumamosi atapiga nani?" Zablon anauliza. Yuko magotini, anafunga kanyagio. "Unajua mimi Jumamosi sipigi. Unataka watu wa Kosele wazikwe kimya?"

Edith anageuza uso kuelekea jikoni.

"Mguu wa kulia uko?" Zablon anaendelea.

"Uko."

"Mkono wa kulia?"

"Uko."

"Basi anza na hivyo. Huo mwingine tutautafuta polepole."

Wanamsogeza Cephas kwenye kiti cha mpigaji, Edith upande mmoja, Zablon upande wa pili. Anakanyaga mara ya kwanza na sauti inatoka hafifu. Mara ya pili mguu unateleza. Anapumua, anakanyaga tena, na sasa ngoma inaitika, vikombe kabatini vinatikisika. Mkono wa kulia unalitafuta toazi. Zablon amesimama kando, kijiti kimoja mkononi, anamjazia pale ambapo mkono wa kushoto ungekuwa. Hawaendi sambamba. Cephas anamkemea kwamba anakimbia, na Zablon anakubali kwamba ndiyo, amekimbia.

Wanapiga mpaka chai inapoa. Cephas ana jasho na anatabasamu kwa nusu ya uso inayotii. "Na mwandike," anatuambia, "ile mwaka tulinuniana, ni yeye alianza kuongea. Mimi nilikuwa nimenyamaza kabisa."

Edith anasema tangu Machi hajamsikia akigombana na mtu, na kwamba kelele hizo alikuwa amezitamani sana. Mtaalamu wa mazoezi aliyemwona hospitalini aliwashauri wautumie mkono kila siku kwa kazi anayoipenda mgonjwa. Nyumbani hakukuwa na kazi aliyoipenda iliyobaki.

Sasa ipo. Zablon amepanga kuja kila Jumapili ambayo hana harusi, na akiwa nayo atapiga ngoma za kuazima. Parokia ya Cephas itakuwa na sherehe ya mavuno Jumamosi moja mwezi Desemba, naye anasema ataomba apige wimbo mmoja tu, ikiwa Mungu atajalia.

Jioni Zablon anarudi Suna mikono mitupu. Anasema kibanda kitakuwa na nafasi zaidi, lakini hajui ataifanyia nini. Tunapomuuliza kama atakwenda Kosele kuiona siku hiyo ya Desemba, anatikisa kichwa.

"Ni Jumamosi. Mimi nitakuwa kanisani," anasema. "Unajua, tangu 1983 sijawahi kumsikia Cephas akipiga kazini? Hata mara moja. Nilikuwa najua amepiga vizuri nikizipokea Jumapili, ngozi bado zimelegea kwa kupigwa. Hiyo ndiyo ninayoomba. Jumapili moja nifike pale, nizikute zimelegea."