Mkeka wa Julai

Mwantum wa Kinama husuka mikeka kabla jua halijachomoza, na sababu yake si bidii peke yake. Mwezi wa saba upepo mkavu huvuka mashamba ya mpunga ya Buterere ukileta vumbi hadi ndani ya masufuria, na ukindu hukauka kiasi kwamba ukiukunja saa nne asubuhi unavunjika vipande vipande. Lakini alfajiri ukindu bado una unyevu wa usiku, unatii vidole. Basi akishaswali, hujifunga kitenge cha pili mabegani kwa ajili ya baridi, huketi barazani, husuka mpaka mtu wa kwanza aamke na kumwita.

Taabu ni kwamba saa hiyohiyo ndiyo nyumba nzima inamtaka. Kuna uji wa Houda, kitinda mimba wake wa miaka minne. Kuna maji ya moto ya mumewe, Tajudini, fundi wa magari, mwanamume mwenye mabega kama mlango lakini anayeogopa maji baridi kuliko deni. Na kuna Sumaya, binti mkubwa wa miaka kumi na sita, ambaye likizo ikianza hulala hadi jua limwingie machoni. Mwantum alizoea kusuka urefu wa vidole viwili, kukimbilia mkaa, kurudi, kusuka vingine viwili, kukimbilia sufuria.

Mwaka huo alikuwa amepata kazi kubwa. Madamu Prudence, mwalimu wa Mutakura, alikuwa anamwoza binti yake Joëlla mwezi wa nane, akataka mkeka mpana wa zambarau na kijani ambao binti angeondoka nao kwenda kwake. Mkeka kama huo huanza kwa kusuka kili, yaani vipande virefu vyembamba, kisha kuvishona ubavu kwa ubavu kwa sindano ndefu. Huu ulihitaji kili kumi na sita.

Kili tano zilikuwa tayari siku Tajudini alipoanguka.

Ilikuwa Jumanne, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Alitoka kuchukua maji yake ya kuoga, akasema, "Mama Sumaya," kwa sauti nzito, kama mtu mwenye chakula mdomoni. Mwantum aliinua kichwa. Ndoo ilikuwa imeshaanguka, maji yanatiririka barazani, na mumewe anaporomoka polepole ukutani huku anamtazama kwa mshangao, kana kwamba ni mtu mwingine anayemshusha chini.

Callixte, jirani mwenye teksi, ndiye aliyewafikisha hospitali. Kiharusi, walisema huko. Tansiyo, presha ya damu, ilikuwa juu siku nyingi naye hajui. Alilazwa siku tisa. Aliporudi nyumbani ulimi ulikuwa umefunguka na mguu unaburuzika lakini unakwenda. Mkono wa kulia ndio uliogoma. Ulining'inia kama kitu alichoazimwa.

"Upeni kazi ndogo ndogo," muuguzi alikuwa amesema. "Hata kuokota maharage."

Mwantum akamwekea maharage kwenye sinia. Tajudini aliyatazama, akalisukuma sinia kwa mkono wa kushoto hadi yakamwagika sakafuni.

"Mi si kuku," akasema.

Jambo lililomuumiza zaidi lilikuwa kula. Tangu utoto alifundishwa kula kwa mkono wa kulia, na sasa hakutaka kutumia wa kushoto, wala hakutaka watoto waone. Kila mlo Mwantum aliwatoa watoto nje, akafunga mlango, akamtengenezea tonge na kumlisha. Alikula akiwa amefumba macho. Baadaye Mwantum alitoka kuosha vyombo, akaviosha muda mrefu kuliko vilivyohitaji.

Kusuka kulisimama. Wiki mbili nzima ukindu ulikaa pembeni umefunikwa kitambaa. Mwisho Mwantum akajitanda vizuri, akaenda Mutakura kurudisha kazi ya watu.

Madamu Prudence alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamsogezea kiti.

"Siku ya harusi mi siwezi kuisogeza, Mama Sumaya," alisema. "Lakini mkeka unaweza kuwa mdogo. Utaleta pale utakapofika."

Kesho yake Mwantum alitoka barazani akakuta jiko limeshawaka. Sumaya alikuwa amechutama kando yake, amejifunika shuka hadi kichwani, anakoroga.

"Mama, we suka. Uji ni wangu."

Uji ulikuwa na mabonge. Houda alitangaza kwamba una mawe, lakini akaumaliza.

Mwantum alianza ukili wa sita. Kwa kawaida ncha ya ukili huibana kwa kidole gumba cha mguu ili usicheze. Asubuhi ile alimwangalia mumewe aliyeketi kwenye kigoda akiota moto, akamwambia kama mtu anayeomba chumvi:

"Baba Sumaya, nishikie hapa."

Tajudini akanyoosha mkono wa kushoto.

"Apana. Ule mwingine."

Tajudini akautazama mkono wa kulia. "Utaanguka."

"Ukianguka tutauokota."

Ulianguka mara kumi na moja. Houda alihesabu kwa sauti, akidhani ni mchezo, na kila mara aliuokota akaupachika tena kati ya vidole vya baba yake na kuvikunja kimoja kimoja. Mara ya kumi na mbili vidole vilibaki vimeushika, vinatetemeka, hadi Mwantum alipofika urefu wa shubiri mbili.

Siku zilikwenda hivyo. Sumaya kwenye jiko, Mwantum kwenye ukili, Tajudini kwenye ncha. Baadaye akaanza kulowesha ukindu kwa kitambaa na kuukamua. Kukamua kulimtoa jasho katika baridi ile. Kisha akaanza kuuchana, vibaya, halafu si vibaya sana.

Asubuhi moja Mwantum alirudi kutoka soko la Kinama na kapu la mboga, akamkuta mumewe ameinamia ukili wa tisa, ulimi nje kidogo, kama alivyozoea kuinamia injini. Alikuwa amesuka mwenyewe kiasi cha kiganja. Msuko ulilegea, ukapinda, mistari ya kijani ikakimbilia pembeni.

"Inavuta kushoto," Tajudini alisema, kwa sauti ileile aliyowaambia nayo wenye magari. "Fumua tu."

Mwantum aliushika ukili. Kufumua kiganja kimoja ni kazi ya dakika mbili. Akaupitisha kidole, akahisi kila mahali mkono ule ulipovuta na kila mahali ulipochoka.

"Sifumui."

"Madamu atakataa."

"Madamu nitaongea naye mimi."

Ijumaa ya wiki ile Sumaya alipika bugali na ndagala, vile visamaki vidogo vya ziwani. Mwantum alipoanza kuwatoa watoto, Tajudini akasema, "Waache wakae." Akanyoosha mkono wa kulia kwenye sinia. Tonge la kwanza lilimomonyoka na ndagala wakamwangukia kwenye kanzu. La pili lilifika mdomoni. Akatafuna taratibu, macho wazi. Sumaya aliinuka ghafla akasema anafuata maji ya kunywa, na jagi lilikuwa pale pale mbele yake.

Kili zilifika kumi na nne, mbili pungufu. Alhamisi kabla ya harusi Mwantum alishona wa mwisho, wakaukunja mkeka, yeye na Sumaya wakaubeba hadi Mutakura.

Madamu Prudence aliutandika sebuleni, akapiga magoti, akaupapasa kutoka ukingo hadi ukingo. Katikati kiganja chake kikasimama.

"Hapa mkono umebadilika."

"Ni wa Baba Sumaya," Mwantum akasema. "Kama haufai nitautoa ule ukili, nishone mwingine. Bado kuna siku moja."

Joëlla, bibi harusi mwenyewe, alikuwa amesimama mlangoni na nywele zake nusu zimesukwa. Akavua viatu, akaja akaketi juu ya mkeka.

"Anaendeleaje?" akauliza.

"Sasa anakula mwenyewe."

"Basi msiuguse," Joëlla akasema.

Tajudini hawezi tena kulala chini ya gari. Mara mbili kwa wiki huenda gereji, huketi kwenye kiti, na wenzake humwashia injini ili asikilize na kuwaambia ugonjwa uko wapi. Siku nyingine hukaa nyumbani.

Mvua za kwanza ziliponyesha, Mwantum alipitiwa na usingizi baada ya swala, jambo ambalo halikuwahi kumtokea. Alitoka barazani jua limeshapanda. Tajudini na Houda walikuwa wameketi bega kwa bega na ukindu magotini, wanabishana kama nyekundu inakwenda na kijani. Sumaya akamletea mama yake kikombe. Mwantum akaketi, akanywa chai yote ikiwa bado moto, na hakuna aliyemwita.