Mwiko wa Bugali Kando ya Parki

Parki yetu ilikuwa ndogo, muntu angeweza kuizunguka mbele maji ya uji hayajachemka. Viti vine vya saruji, miti michache ya sipre, maua mekundu yasiyonukia, na njia ya changarawe. Wazungu wa buro, ile ofisi ya utawala, waliitengeneza wakae pale jioni, na mbele ya uhuru mwanamke wa bondeni kama mama yangu aliipita akiangalia chini, muzigo mugongoni, asije akaulizwa anatafuta nini. Uhuru ulipofika, njo kitu cha kwanza tulichochukua. Gari hatukupata, buro hatukupata, lakini vile viti vine vya saruji tulivikalia kwa zamu kila siku ya Mungu kiisha misa, na hakuna arusi iliyokosa kupigiwa picha pale. Usicheke. Ilikuwa yetu.

Ninaanza na parki kwa sababu niko natafuta namna ya kuchelewa kufika kwa aibu yangu. Mimi ni mwanamke wa maneno mengi, kila anayenijua anasema hivyo, na siku moja tu katika maisha yangu nilipotakiwa kusema, nikanyamaza. Sasa ninyi njo munalipa, muketi musikilize.

Muji wetu uko kwa barabara inayoshuka kutoka Masisi kwenda Walikale, pale vilima vinapoisha na pori linapoanza. Juu kulikuwa lopitali, katikati parki, chini bonde letu na kijito chake. Maji machafu ya lopitali, ya kufua, ya jikoni, ya maternite wanapozalia wamama, na mengine ambayo sitayataja kama kuna muntu anakula, yalishuka ndani ya mufereji wazi, yakapita kando ya parki na kuingia kijitoni. Kila mvua ikinyesha sana, watoto wa bondeni waliharisha. Miaka michache kiisha uhuru, leta, maana yake serikali, ikatuma injenieri.

Alikuwa muzungu kijana, miguu mirefu, soksi zimejaa mbegu za majani, na Kiswahili alikuwa amejifunza Bukavu. Akatuita sote kwa parki, akasema: "Mimi sijui hapa. Ninyi munajua. Pulani tutaichora pamoja." Wazee wakaangaliana kutafuta mutego uko wapi, maana tangu dunia iumbwe hakuna muntu wa leta aliyewahi kutuambia kwamba yeye hajui kitu.

Kazi yake ilikuwa hivi. Alitaka mashimo matatu yaliyojengwa kwa saruji, moja chini ya lingine. Maji yatulie ndani ya la kwanza, yavuke kwa la pili, kiisha la tatu lililopandwa matete, na yakitoka pale yawe safi. Lakini wapi? Alileta vijiti vilivyopakwa rangi: vyeupe kwa mashamba, vyekundu kwa maji ya kunywa, na vya bluu kwa kitu chochote ambacho watu hawataki kiguswe. Kila nyumba ipande vijiti vyake, yeye atazunguka na komite, na pahali pasipo na kijiti njo mashimo yatachimbwa.

Komite ilikuwa wanaume sita na mimi. Nilikuwa nimemaliza foaye ya masere, ile shule ya wasichana ya watawa, ambako nilijifunza kushona, kuandika barua kwa Kifaransa, na kupika mchuzi mweupe ambao hakuna muntu wa bonde lile angeweza kuumeza. Masere mukubwa akasema: "Huyu atasema kwa ajili ya wamama." Nilikuwa na miaka kumi na nane, viatu vya ngozi, na kiburi cha kutosha wasichana kumi.

Sasa sikiliza kuhusu kijito. Chini ya parki, juu kidogo ya pale mufereji wa lopitali ulipoingia, kijito kinapinda na maji yalipunguza mbio. Wamama walikuwa wamepanga mawe humo ndani, kila mumoja shimo lake, na njo pale walipolowesha mihogo michungu siku tatu, siku ine, mpaka ilainike na uchungu utoke. Kiisha waliimenya, wakaianika, wakaitwanga, na bugali ikapatikana. Shimo la mama yangu lilikuwa la mama yake. Mawe yale yule mama muzee aliyabeba kutoka mulimani akiwa na mimba ya mama yangu, na mama alilitunza kama vile wengine wanavyotunza kaburi.

Na harufu! Mihogo iliyolala siku tatu ndani ya maji inanuka kama soksi ya askari aliyetembea kutoka Walikale. Sisi tulikulia ndani ya harufu ile bila kuisikia. Kuisikia nilijifunza kwa masere.

Kuna jambo lingine la kwetu ambalo injenieri hangeweza kulijua. Mwanaume hatii muguu kwa maji ya mihogo, wala hayataji mbele ya watu. Hakuna sheria iliyoandikwa, ni haya tu. Mwanaume akisimama kwa baraza aseme "mihogo ya bibi yangu iko nalowa pale," ataitwa mulinzi wa chungu mpaka siku atakayokufa. Kwa hiyo wale wanaume sita walijua kabisa pahali pale ni nini, walikuwa wanakula matunda yake kila siku, na walingoja mimi niseme. Njo sababu nilichaguliwa.

Na kulikuwa kalani. Mumoja wa wale sita, kijana wa buro, shati jeupe, kalamu mbili mufukoni. Nilimupenda, basi, niseme wazi, ni muda murefu sasa na mume wangu alishakwenda kwa Mungu. Siku ya mukutano wa kwanza upepo ulipanda kutoka bondeni, kalani akaziba pua, akasema: "Nani alikufa kule chini?" Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, tena zaidi yao wote.

Siku ya kuzunguka ilifika wakati wa kupalilia maharagwe, wamama wote wako mulimani. Asubuhi mama alisimama mulangoni na jembe begani.

"Vijiti vyetu viko wapi?" akaniuliza.

"Viliisha, mama. Vya bluu vyote wanaume waliviweka kwa parki."

Haikuwa uongo. Parki ilikuwa imezungushwa vijiti vya bluu pande zote, kwa sababu wazee walisema: wazungu walikaa pale bila harufu, sisi tumeipata jana tunaletewa mavi? Hata mimi niliona wana haki.

Mama akarudi jikoni. Akatoka na mwiko wake, ule mukubwa wa kusongea bugali, ulioungua upande mumoja tangu nilipokuwa mutoto na kuuacha ndani ya moto.

"Kama vijiti viliisha, panda huu. Hakuna mwanamke hapa asiyeujua. Muzungu akiuliza ni nini, muambie: hapa njo bugali yetu inatoka."

"Mama, mwiko? Mbele ya watu?"

"Mwiko uko na haya gani? Haya iko kwa njaa." Akatikisa kichwa, akaenda kupalilia.

Nilifunga mwiko ndani ya kitenge, nikaubeba chini ya kwapa kama muntu aliyeiba. Tukazunguka. Tukapita mashamba, chemchemi, parki, tukashuka mpaka kijito kinapopinda. Mvua ilikuwa imekijaza, maji mekundu ya udongo, hakuna jiwe hata moja lililoonekana. Injenieri akanusa hewa, akasema, "Munaona? Uchafu wa lopitali umefika mpaka hapa," akaandika kwa daftari. Maskini, alikuwa ananusa chakula chetu.

Kiisha akauliza: "Hapa hakuna kijiti. Hapa hakuna kitu?"

Wanaume watano wakaniangalia. Muzee mumoja akakohoa, akakohoa tena, akinisukuma kwa macho. Kalani alikuwa kando yangu, kitambaa puani, na macho yake yalikuwa yanacheka. Mkono wangu ulikuwa juu ya mwiko. Niliusikia chini ya kitenge, ule upande ulioungua.

"Hakuna," nikasema.

Ee Mungu wangu. Hakuna! Na bugali ya jana ilikuwa bado tumboni mwangu.

Nilipofika nyumbani niliuchomeka mwiko ndani ya nyasi za paa, juu ya kitanda changu, nikausukuma ndani mpaka haukuonekana. Mama aliporudi akasonga bugali kwa kipande cha mwanzi. "Ulipanda?" "Nilipanda, mama." Akala vizuri siku ile, akiongea juu ya maharagwe.

Mashimo mawili ya juu yalijengwa haraka. Walipofika kwa la tatu, wamama walikuwa tena mulimani, na waliporudi walikuta wafanyakazi wameng'oa mawe yote na kuitupa mihogo kwa ukingo, imepasuka, myeupe, inzi juu yake. Waliopiga kelele walipiga. Mama yangu hakupiga. Aliokota jiwe moja, akalishika, akaangalia mahali pa kulirudisha, na mahali hapakuwa tena. Injenieri akaja mbio, na alipoelezwa akashika kichwa kwa mikono miwili, Kiswahili kikamupotea, akalia kwa Kifaransa:

"Hatua makumi tatu! Ningesogeza hatua makumi tatu tu! Kwa nini hakuna aliyeniambia?" Na akanigeukia mimi.

Saruji ya juu ilikuwa imeshakauka, leta haikuwa na nyingine, na mimi nilijua hata nikisema ukweli jiwe halitarudi. Hivyo njo nilivyojidanganya. Nikamujibu kwa Kifaransa kile kile, ili mama asielewe: "Wamama wa hapa hawapendi kusema."

Kwa njia mama akaniuliza: "Mwiko waliufanya nini?"

"Waliung'oa, mama. Walikataa."

Akafyonza. "Wajinga hawa. Kung'oa mwiko wa muntu!" Na kutoka siku ile alizunguka bonde zima akieleza namna mutoto wake alivyosimama mbele ya leta na namna walivyomukatalia. Wale wanaume wa komite walimusikia. Walijua ni uongo, lakini wangefungua kinywa namna gani, bila kusema kwamba na wao walinyamaza? Kalani alihamishwa Goma kabla ya mavuno, hata kwaheri hakuniachia. Ninyi muliongoja arusi, pole.

Sitaki kudanganya tena, nimeshadanganya vya kutosha: mashimo yalifanya kazi. Watoto waliacha kuharisha, na maji yalitoka kwa matete yakiwa safi kabisa. Lakini mihogo iliyooshwa na maji ya maternite hakuna mwanamke aliyekubali kuipika. Wakaanza kwenda kijito kingine nyuma ya kilima cha pili. Mihogo iliyolowa ni mizito kuliko mikavu, na kilima kile ni cha kupanda wakati wa kurudi. Mama alikuwa akifika nyumbani na alama ya kamba ya kubebea muzigo kwenye paji la uso, hata asubuhi ilikuwa haijatoka. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi nilizaa saba, lakini uchi wangu niliuficha kwa mugongo wa mama.

Musimu mwingine wa mvua paa likaanza kuvuja juu ya kitanda changu. Nilikuwa nje, ninashona. Mama akapanda kitandani kupanga nyasi. Nilisikia akiongea peke yake, akilaumu panya. Akatoka na mwiko mukononi, nyasi zimeushika.

Akaja akasimama mbele yangu. Nilingoja kofi. Laiti angenipiga! Ningelichukua lile kofi kama zawadi. Lakini yeye akachukua majivu, akausugua mwiko, akausafisha kwa maji, akaweka chungu motoni.

Jirani yetu alikuwa anarudi kutoka kijito cha mbali. Akatua muzigo kwetu kupumzika, akashika kiuno. "Hii komite itatuua," akasema. "Lakini mama, binti yako alisema kweli siku ile?"

Mama alikuwa anasonga. Hakuinua macho. "Alisema," akajibu. "Mutoto wangu alisema mpaka sauti ikakauka. Wao njo walikataa."

Akageuza bugali, akakata, akaanza na sahani yangu.

Hivyo njo alivyosema mpaka alipokufa, na mwiko ule hakuwahi kunitajia. Siku ya maziko wamama wa bonde walinizunguka, migongo yao imepinda, wakanishika mikono, wakaniambia mama yako alizaa musichana mwenye kinywa, ni wewe peke yako uliyetusemea. Nilikuwa na nafasi ya kuwaambia. Nikasema aksanti.