Nilizima test moja Musoma, mlinzi wa geti akaingia kwenye orodha ya kupunguzwa kazi

Wakuu, heshima kwenu. Kisa hiki sitakitia chumvi, kilivyo tu kinatosha kuniaibisha.

Miaka ya tisini mwishoni, mashirika yanauzwa, watu wanapunguzwa. Mimi nilikuwaga mtu pekee wa kompyuta kwenye shirika moja la pamba, Musoma.

Nikapewa kazi: script ya Perl, yaani programu fupi ya kompyuta, itoe orodha ya kupunguzwa. Aliyeajiriwa mwisho anatoka kwanza.

Nikaiandikia na test. Kwa wasiojua, test ni kaprogramu kanakouliza script swali ambalo jibu lake unalo tayari. Ikipatia unaona ok. Ikikosea, not ok.

Siku ya kupeleka orodha Mwanza, naendesha test. Ok, ok, ok... ya saba, not ok!

Bosi kasimama mgongoni kwangu, gari linaunguruma nje.

"Si zingine zimepita? Zima hiyo, print!"

Nikaizima, wakuu. Niliogopa na mimi nisije nikaongezwa humo.

Gari limeondoka na bosi na orodha yake, ndo naisoma vizuri ile ya saba. Inauliza: watu wawili wa jina moja, script inawatenganisha? Haikuwatenganisha. Nilikuwa natambua mtu kwa jina badala ya namba ya ajira. Huku kwetu Mara, ambako majina ya babu yanarudi kila nyumba! Ujinga gani ule?

Tulikuwa na Wambura Magesa wawili. Mmoja fundi mgeni kazini, kiwandani Bunda. Mwingine mzee wetu mlinzi wa geti, yupo toka shirika linaanza. Script ilimpa mzee tarehe ya ajira ya yule mgeni, wote wawili wakatoka.

Nikaazima pikipiki. Anayenifungulia geti ni mzee mwenyewe.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mbona mbio hivyo, mwanangu?"

"Nimesahau kitu kwenye gari."

Kiabakari naambiwa wamepita kitambo. Nilikamua pikipiki huku machozi yananitoka, sioni aibu kusema.

Bunda nikamkuta bosi anakula sato, nikamweleza yote. Alinitukana weee, mpaka wateja wakaacha kula. Halafu akatoa kalamu, akakata jina la Wambura wa Musoma na kusaini pembeni.

Test ikikwambia not ok, kuna mtu nyuma yake. Uliza ni nani kabla hujaizima. Na nyie mliowahi kuzima, semeni hapa, mimi nimeshajianika.

Mzee alikaa getini mpaka akastaafu. Kila nikitoka ananitania, "Leo hujasahau kitu?" Namjibu sijasahau, baba. Hakuwahi kujua.