Nilivyoandika pesa za kuzoa taka kuwa sadaka, mpaka afisa wa kodi akaja na kalamu nyekundu

Wakuu, salaam zenu popote mlipo. Wenye biashara vuteni kiti. Walioajiriwa kuandika vitabu vya watu, nyinyi vuteni viwili.

Haya yalinipata mwenyewe na sina cha kuongeza chumvi. Penye aibu, aibu ni yangu.

Ilikuwa miaka ya themanini, Malindi. Nilikuwa karani wa hesabu kwa Ami Abeid, mwenye mkahawa na vyumba sita vya wageni juu yake. Si ami yangu wa damu, ila mji mzima ulimwita hivyo.

Kijana mimi, kalamu mfukoni, majivuno tele. Nilikuwa nimeposa Mambrui na nusu ya mahari ilishatoka, kwa hiyo kazi ile ikiniponyoka na mke naye ananiponyoka.

Sasa, mkahawa haukosi taka. Mifupa, maganda ya ndizi, makumbi ya madafu, majivu ya jikoni. Mzoaji alikuwa Mzee Karisa, mtu wa pande za Adu, na mkokoteni wake wa punda. Safari sita kwa wiki, shilingi kumi na tano kila safari.

Ami naye alikuwa na desturi yake. Kila Ijumaa baada ya swala huketi barazani na kopo la biskuti lenye shilingi mia. Maskini hupanga foleni, kila mmoja sumni yake. Mlio wadogo, sumni ni senti hamsini, na wakati ule ilinunua kitu.

Mzee Karisa alipanga foleni hiyo hiyo kupokea tisini zake za wiki, maana Ami hakupenda kufungua kopo mara mbili.

Mimi nikiona kopo tupu naandika mstari mmoja: "Sadaka ya Ijumaa, shilingi mia." Nimemaliza. Uvivu, wakuu, tuuite kwa jina lake.

Na Ami alivyokipenda kile kitabu! Akija rafiki kunywa kahawa, atakifungua kama anayetafuta bei ya unga. "Ah, hiyo ni sadaka tu," husema, na kidole hakibanduki pale. Mstari ulimfurahisha, basi nami nikauendeleza mwaka mzima.

Mwaka ukaisha, akaja afisa wa kodi kutoka Mombasa. Mtu mpole, suruali imenyooshwa. Akapitia unga, mafuta, kuni, akatia tiki. Alipofika kwenye sadaka akatoa kalamu nyekundu.

Akatueleza kwa adabu kwamba sadaka ni ibada ya mwenye mali, si gharama ya kuendesha biashara. Haipunguzi faida inayotozwa kodi. Kwa hiyo ameziondoa zote, na kesho atarudi na hesabu mpya.

Alipotoka, Ami aliniita kwa sauti ndogo. Hapo ndipo nilipoogopa kweli.

"Mwanangu, yaani nilipe watu wazoe taka zangu, kisha nizilipie kodi kwa sababu yako? Kesho hesabu hii isiponyooka, nenda kabebe chumvi Marereni."

Risiti hakuna hata moja. Nikamkimbilia Mzee Karisa, shikamoo zikitoka mbili mbili. Kumbe yeye ana vitabu vyake. Akanionyesha ubao wa mkokoteni: kila safari ya taka ameichanja kwa kisu chale fupi, na kila akilipwa ameongeza ndefu. Mwaka mzima, safu kwa safu.

"Mino makarani siwaamini," akaniambia, 'mino' ikiwa ndiyo 'mimi' ya kwao.

Sikujua nimshukuru au nimnunie.

Ijumaa asubuhi mkokoteni ukasimama mbele ya baraza, punda na wote. Marafiki watatu wa Ami walikuwa wamewahi kahawa. Afisa akamuuliza Mzee Karisa kama ile pesa ya Ijumaa hupewa kwa umaskini wake.

Mzee akawaka moto. "Maskini nani? Mino nina punda, nina mbuzi, nina wake wawili! Nazoa taka, nalipwa!"

Afisa akainama, akahesabu chale. Fupi sita, ndefu moja. Fupi sita, ndefu moja. Akainuka ameridhika, akamgeukia Ami.

"Shilingi tisini kwa wiki ni za kuzoa taka. Hiyo ni gharama halali ya biashara, nairudisha. Basi sadaka inabaki shilingi kumi. Mwenyewe unakubali?"

Vikombe vya wale marafiki vikasita hewani.

Akikubali, kodi inashuka lakini ukarimu wake wa mwaka unageuka mifupa na makumbi. Akikataa, jina linabaki na kodi analipa. Nilimwonea huruma, na papo hapo kicheko kilinibana mbavu. Mungu anisamehe.

"Andika taka," Ami akasema chini chini.

"Samahani, sijasikia."

"Taka! Andika taka!"

Mtaa mzima ulisikia. Mpaka swala inakwisha, habari ilishafika kila mlango.

Foleni ikaja, mbele yao Bi Mwanaisha, bibi asiyeona ila masikio yake hayakosi jambo. Hakunyoosha mkono.

"Abeid, twasikia kitabuni sisi tumeandikiwa mia kila Ijumaa. Twapokea kumi. Tisini zetu zi wapi?"

Foleni yote ikaitikia. Ami akanigeukia. "Karani, njoo uwajibu. Nikikufukuza leo, nani atawaeleza hawa?"

Ndivyo nilivyojua kazi bado ninayo. Nikaeleza taka, nikaeleza gharama, nikaeleza chale. Hakuna aliyeshawishika.

Bi Mwanaisha aliuliza moja tu. "Ni wewe uliyeandika?"

"Ni mimi, bibi."

"Basi lipa."

Ami alicheka mpaka machozi, cheko lake la kwanza tangu jana. Mimi nikatoa mshahara wangu mfukoni, shilingi moja moja, mpaka foleni ikaisha. Na hiyo, wakuu, sikuiandika popote.

Funzo nililonunua kwa fedha taslimu: taka iwe na mstari wake na sadaka mstari wake, hata zikitoka kopo moja. Na mzoaji wako mpe risiti atie dole gumba.

Haya, mlio na maduka na mikahawa: pesa ya taka mnaiandika wapi? Semeni kweli, hapa hakuna kalamu nyekundu.