Gari ya mbio ya muzee wangu, na kiti alichotoa ili iwe nyepesi

Wakuu, nianzie mwaka tuliokula unga wa njano wa musaada wa wakimbizi wa Rwanda. Sokoni Birere, hapa Goma, uliuzwa na magunia yake. Sambaza, samaki wadogo wa ziwa, tuliziogopa, kisa kolera.

Nimesoma hapa mukiulizana namna ya kuipa gari ya zamani mbio kwa bei ndogo. Mimi ni koko, bibi wa wajukuu, shule niliiacha mapema, lakini piesi, vipuri vya gari, nimeuza Birere mpaka nywele zikawa nyeupe. Ya leo sikusikia kwa mutu, niliyaona.

Muzee wangu, bwana aliyenioa, alikuwa na gari ya mbio, milango mbili, ya zamani hata wakati ule. Pesa hakuna, kiburi kipo.

Alisafisha karburateri, akabadilisha buji za kuwashia moteri na filtre. Hapo nilimupigia makofi. Ilivuta vizuri kabisa.

Hakushiba. Akakata eshapema, bomba la moshi, moshi ukawa unatokea chini ya tumbo la gari. Akatoa matapi, mazulia ya chini, akatoa kiti ya nyuma, akaiweka salon ya nyumba. Mama yangu mzazi alikuwa anaikalia akichambua maharagwe.

Himbi yote, mtaa wetu, ilisema gari ile inaruka. Ilikuwa kweli.

Kisha vita ikaingia muji. Tukakimbia kuelekea muji mudogo wa Sake, mama nyuma, juu ya chuma tupu, amekunja kitenge chini yake.

Barabara ilijaa watu na magodoro. Mbio ya nini? Tulikwenda polepole mpaka mbuzi ya mutu ikatupita. Moteri inachemka, moshi wa moto unapiga ile chuma kwa chini, nayo inachemka.

Muzee aliuliza, «Mama, uko muzuri huko nyuma?»

«Niko muzuri, mukwe. Endesha.»

Sasa ninyi munajua heshima ya mama na mukwe wake. Kwetu mama hawezi kumuambia mume wa binti yake kwamba matako yake yanaungua. Afadhali aungue.

Aliungua. Kufika Sake alishindwa kushuka. Nilipomuinua, kitenge kilikuwa kimeshika nyama.

Miaka iliyobaki alilala kifudifudi. Kanisani alisimama misa yote, watu wakasifu imani yake. Imani gani.

Tuliporudi, muzee alirudisha kiti mwenyewe, akaikaza na boloti. Mimi sikumupa neno la kumufariji, na hata kaburini kwake sikumupa.

Juzi mujukuu wangu Kambale, aliyeachiwa gari, amekuja na funguo za boloti.

«Koko, nakata eshapema, natoa matapi na kiti. Ni bure, na inapunguza kilo.»

«Buji nitakupa. Filtre nitakupa. Kiti ya nyuma haitatoka.»

«Lakini Koko, ile vita ilishaisha.»

Nilicheka. Ilishaisha wapi, mutoto wa Goma?

Basi funzo ni hili. Gari ya zamani uitengenezee kwanza kile kilichochoka: buji, filtre, mafuta mapya, upepo sawa kwa mipira ya magurudumu, na freni, kwa sababu mawe yetu ya volkano hayasamehe. Hiyo ni bei ndogo na mbio utaiona. Usiitafute mbio kwenye nafasi ya mutu mwingine.

Mwenye kubisha aandike chini, nasoma yote, hata matusi. Kambale pia anasoma hapa, amejificha kwa jina lingine. Nakujua.

Kiti ya nyuma haitatoka.