Mteremko wa Kuazima

Mwaka niliomaliza chuo cha kilimo, serikali iliacha kuajiri. Tulioandaliwa kuwa mabwana shamba tulirudi makwetu na vyeti vyetu, na tulipofika tuliwakuta hata waliotutangulia wamepunguzwa kazini, wakiuza chumvi na betri sokoni Mbinga. Kule kwetu Mpepai, kahawa ya baba ilinunuliwa sasa na watu binafsi waliokuja na magari yao na mizani yao, na ushirika uliokuwa ukitukopesha mbolea ulikuwa umefunga ghala. Nilikaa nyumbani msimu mmoja. Kisha nikateremka hadi Mbamba Bay, nikapanda boti na kuvuka ziwa kwenda Malawi, kwa kuwa niliambiwa kuna wenzetu huko wanaoishi vizuri, na kwamba mtu aliyesoma hakosi la kufanya.

La kufanya lilikuwa kupima sukari. Mtanzania mwenzetu mmoja, ambaye babu yake alitoka Kilwa akaja kufungua duka Mbinga, naye sasa amefungua lake katika mji ule mdogo wa bandari, alinichukua nisimame nyuma ya meza yake. Nilimshukuru kwa dhati. Lakini jioni nilipofunga milango ya duka lile nilichoka kwa namna ambayo jembe halikuwahi kunichosha.

Sisi Watanzania wa pale tulikuwa kaya chache, na karibu wote walitoka upande wetu wa ziwa: Liuli, Lituhi, Mbamba Bay. Jumapili, walio Wakatoliki wakitoka misani, wote tulikutana kwenye baraza la duka kusikiliza taarifa ya habari kutoka Dar es Salaam. Betri za redio zilikuwa za mwenye duka, na kwa hiyo yeye ndiye aliyeamua lini tunyamaze. Walizungumza habari za boti iliyochelewa, bei ya vitenge, na nani amezikwa nyumbani bila wao kuwapo. Nilidhani nimekuja kuishi ugenini pamoja na wenzangu, kumbe hata kati yao nilikuwa mgeni. Wao walikuwa watu wa maji, na lugha yao ya Kinyasa ilikaribiana sana na lugha za pale. Mimi nilikuwa Mmatengo wa milimani niliyeogopa kuoga ziwani maji yakipita magoti.

"Mmatengo, kula usipa huo," mwenye duka aliniambia Jumapili ya kwanza, akinisogezea bakuli la vidagaa. "Mbona unawahesabu? Hawana uongozi, hao. Hakuna mwenyekiti."

"Anatafuta maharage ndani yake," mmoja akasema.

"Mwacheni mwanangu," alisema mama mmoja aliyeketi karibu na mlango. "Mkipelekwa milimani ninyi mtalia kwa baridi kabla ya chai."

Huyo ndiye mama ninayemwandikia haya, ingawa hatayasoma. Alikuwa mjane wa Liuli, na ndiye aliyetangulia kuhamia pale kuliko wote. Alinipa chumba cha nyuma katika nyumba aliyopanga, na kila asubuhi nilipomwamkia "Shikamoo, mama," aliitika "Marahaba, Bwana Shamba," bila kejeli. Ni yeye peke yake aliyeniita kwa kazi niliyosomea.

Chakula cha nyumba ile kilitoka kwenye mteremko ulio juu ya barabara, nje kidogo ya mji. Ardhi ilikuwa ya ukoo wa mzee wa kijiji, ambaye kule humwita nyakwawa. Alimwazima mama miaka mingi iliyopita, na kila mwaka mama aliiomba upya. Baada ya kuvuna aling'oa kila kitu, akakusanya mabua akayachoma, akaiacha ardhi tupu kama sakafu iliyofagiwa. Kisha alichukua kuku, akaenda kwa nyakwawa kumshukuru na kumwambia kwamba shamba lake amemrudishia. Walikaa, wakazungumza mambo mengine. Alipoinuka kuondoka ndipo nyakwawa alipomuuliza kama angependa kulima tena.

Haya aliniambia mwenyewe, nami niliyasikia kama mtu anavyosikia habari za ushirikina. Nilichokiona mimi ni udongo. Kila mvua kubwa ilipopiga, ardhi ile iliyofagiwa iliteremka mpaka barabarani, nyekundu, na mahindi ya mama yalikuwa mafupi na ya manjano. Nilimwambia kwamba miaka mitano ijayo atabaki analima mawe.

"Miaka mitano," alisema. "Mwanangu, mimi naomba mmoja mmoja."

Kwetu Umatengoni hatuachi mteremko wazi. Mvua zinapoelekea mwisho tunafyeka nyasi, tunazilaza kwa mistari inayokatizana hadi kilima kizima kiwe miraba, kisha tunachimba udongo wa katikati ya kila mraba na kuzifukia nyasi zile. Mashimo yanayobaki hushika maji, na matuta yanayoyazunguka huoteshwa maharage kwanza na mahindi msimu unaofuata. Hayo ndiyo ngolo. Chuoni mwalimu wetu aliyataja kwa dakika chache tu, na nilikaa darasani nikiwa na fahari ambayo sikuthubutu kuionyesha.

Mwezi wa tatu binti yake mama alijifungua Liuli, na mama akavuka kwenda kumtunza. Kabla ya kupanda boti aliniambia, "Uniangalizie shamba. Nyani tu, na mbuzi wa watu. Usijichoshe."

Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na minne na sikuwa nimefanya jambo lolote la maana tangu nitoke chuoni. Sehemu ya juu ya mteremko ilikuwa imepumzishwa na nyasi zake zilifika kiunoni. Niliwatafuta vijana wawili wa Litumbandyosi, Wamatengo wenzangu waliokuwa wakibeba mizigo bandarini, nikawaeleza, na macho yao yakawaka. Tulifyeka siku mbili, tukalaza nyasi kwa mistari, tukaziacha zikauke. Tuliporudi na majembe kuchimba, mmoja wao alisimama akacheka.

"Kuchimba ni kazi ya akina mama. Dada zangu wakiniona!"

"Dada zako wako ng'ambo," mwenzake akamwambia. "Chimba, shangazi."

Tulicheka sana siku zile. Sidhani kama niliwahi kuwa na furaha nyingine ya aina ile katika nchi ile. Tulipomaliza, kilima kilionekana kutoka barabarani kama sega la nyuki, na watu waliopita walisimama kutazama. Niliwapungia mkono. Nilidhani wanajifunza.

Siku ya nne nyakwawa alikuja dukani kwa baiskeli, akaiegemeza ukutani, akasalimia wote waliokuwapo na kuulizia afya za watoto wa mwenye duka. Alikuwa mtu mpole mwenye kikohozi. Lugha yake sikuielewa vizuri, kwa hiyo mwenye duka alinitafsiria, na nilimwona akichagua maneno.

"Anauliza ile miraba kule juu ni viwanja vya akina nani."

Nilieleza kwamba si viwanja, ni kilimo chetu, ni kwa ajili ya udongo. Nyakwawa alisikiliza hadi mwisho.

"Anauliza mashimo hayo hutumika msimu mmoja?"

Hapo ningeweza kusema uongo. Nilisema kweli: ni misimu miwili, na yakitunzwa vizuri huendelea miaka mingi.

Mwenye duka alinitazama kidogo kabla ya kutafsiri. Nyakwawa aliitikia kwa kichwa, akakohoa, akanunua kiberiti, akaaga. Baiskeli ilipopotea kwenye kona, mwenye duka alifunga daftari lake.

"Mmatengo," alisema, "sisi hapa mtu hapandi hata mwembe. Unajua kwa nini duka hili ni la mabati tupu, mimi mwenye uwezo wa matofali? Anayekaa kwa watu haonyeshi kwamba ameshafika. Wewe umewagawia watu kilima chao vipande vipande, juu ya barabara, kila mtu aone. Na miaka hii ambapo ardhi imeanza kuuzwa!"

"Lakini shamba litakuwa bora. Hata kwao."

"Nani alikuambia hawataki bora? Wanataka waombwe."

Mama alirudi wiki iliyofuata. Nilimpokea bandarini na kumweleza yote kabla hatujafika nyumbani, kwani nilidhani ni heri aumie kwa maneno yangu kuliko ya mtu mwingine. Alisimama njiani na kapu lake kichwani. Hakunikaripia. Aliuliza tu, "Mpaka juu kabisa?" Nikasema ndiyo. Akaendelea kutembea.

Jioni ile ile alichukua kuku akaenda. Alirudi mapema kuliko kawaida, na kuku hakuwa naye. Nyakwawa alimpokea vizuri, mama alisema. Walizungumza habari za mjukuu. Nyakwawa alimshukuru kwa miaka yote ambayo mama alitunza shamba, akamwambia kwamba mahindi yaliyosimama sehemu ya chini ni yake, avune. Kisha mama akainuka kuondoka, akatembea polepole hadi mlangoni, akisubiri swali. Halikuja.

Tulivuna yale mahindi mwezi wa nne, mimi na yeye, na mama aling'oa mabua akayachoma kama kawaida yake, akaacha ardhi ikiwa safi. Kuanzia hapo unga tulinunua. Mama alianza kukaanga mandazi na kuuza penye boti, akisimama juani tangu asubuhi katika umri ambao wenzake huketi. Nilimpa karibu mshahara wangu wote wa duka. Alipokea bila kubishana, na hilo lilinitesa zaidi.

Juu kule ukoo wa nyakwawa hawakuyafukia mashimo. Walipanda maharage, na maharage yalistawi. Mvua moja ya mwisho ilipiga usiku kucha na asubuhi barabara ilikuwa safi, haina udongo mwekundu. Miezi ikapita, na mwaka uliofuata nyasi zilipokuwa ndefu tena, mpwa wa nyakwawa alikuja dukani akaniomba kwa heshima niwaonyeshe namna ya kulaza nyasi, wachimbe na kilima cha pili.

Nilimwambia nitafikiri. Nyumbani nilimwambia mama kwamba siendi, kwamba siwezi kusimama kando ya shamba lake nikiwafundisha waliomnyang'anya.

"Hawakuninyang'anya. Walichukua chao." Alikuwa akikanda unga, na hakuinua macho. "Nenda. Ukikataa watasema Watanzania wamenuna. Kuna watu hapa wana vyumba vya kuomba, wana vioski vya kuomba. Unataka na wao wainuke bila kuulizwa?"

"Na wewe, mama?"

"Mimi nina mandazi. Nenda, Bwana Shamba. Si ndiyo kazi uliyosomea?"

Nilikwenda. Walikuwa watu wanane, wakarimu, walionipa togwa na kucheka nilipokosea salamu. Niliwaonyesha namna ya kufyeka, namna ya kupima mraba kwa hatua, namna ya kukunja nyasi zisitawanywe na upepo. Mikono yangu ilifanya kazi vizuri, na sikuionea haya, ila nilikuwa nimechoka tangu asubuhi kabla ya kushika chochote.

Saa nne hivi mama alipita barabarani chini yetu, beseni la mandazi kichwani. Alisimama. Aliwaamkia wenye shamba kwanza, kwa lugha yao, mmoja mmoja, akiulizia watoto, nao wakaitika wakiwa wameinuka kutoka kwenye majembe. Kisha akanisalimia na mimi, kwa Kiswahili, kifupi, kama mtu anayemsalimu mgeni wao, akaendelea na njia yake kwenda bandarini.