Mshika Kamba

Fuko hakujichagulia kazi; mwili wake ndio uliomchagulia. Alikuwa mtu mfupi, mkavu, mwenye mabega membamba, na kazi ya kuchimba visima hailitaki jitu. Inamtaka mtu anayeweza kugeuka ndani ya shimo bila kugonga viwiko, anayechuchumaa na sururu kutwa nzima, na asiyebabaika akiinua macho na kuiona mbingu imekuwa ndogo kama sahani. Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwa mkewe na kwa mchungaji aliyembatiza. Watu wengine wote walimwita Fuko, na yeye aliitika bila kinyongo.

Baba yake mdogo, aliyemfundisha kazi, hakuwa mtu wa maneno mengi. Siku ya kwanza alimwambia, "Mke mchague kwa macho ukitaka, lakini mshika kamba mchague kwa moyo. Mke akikuacha utalala na njaa. Mshika kamba akikuacha, hutaona njaa tena."

Fuko alimchagua shemeji yake, mume wa dada yake. Huyo ndiye alikuwa jitu hasa, pande la mtu, shingo kama kinu, na kwa kuwa akishika kamba haiendi popote, watu walimwita Nanga. Walisali kanisa moja, wakakaa benchi moja, na Nanga aliimba sauti ya chini kabisa kwenye kwaya. Kazini pia aliimba. Fuko akiwa huko chini gizani, akijaza ndoo udongo, alisikia mngurumo wa nyimbo za Jumapili ukishuka ukutani, akajua shemeji yupo na kamba ipo. Hakuhitaji kuinua macho.

Miaka ilikwenda hivyo. Kisha ikatokea habari ya kijana.

Nanga na dada yake Fuko walikuwa na mwana mmoja tu, mpole, mwenye sauti nzuri, tegemeo la kwaya. Binti mmoja wa kwaya hiyohiyo akaonekana ana mimba. Mama yake akaja mbele ya wazee wa kanisa akilia, akasema mhusika ni kijana wa Nanga. Kijana akakana. Wazee wakauliza kama kuna mtu anayejua lolote. Fuko alikuwa amekaa karibu na mlango. Alikuwa amewaona wale wawili mara kadhaa nyuma ya ghala la mbao, wameshikana mikono. Angeweza kunyamaza. Angeweza kwanza kwenda kwa shemeji yake, wakae uani, wanong'onezane kama ndugu. Badala yake alisimama palepale na kusema alichokiona.

Kijana alimwangalia. "Hata wewe, mjomba?" alisema, basi.

Jumapili iliyofuata alisimamishwa mbele ya waumini wote, akaondolewa kwenye kwaya. Kesho yake kitanda chake kilikutwa kimetandikwa vizuri na mwenyewe hayupo. Tangu hapo hakuleta neno.

Nanga hakumgombeza Fuko. Hakumtukana, hakumkunja shati. Angefanya hivyo, Fuko angeshukuru. Aliacha tu kuimba. Alikuja kazini kwa wakati, akafunga kamba, akaning'iniza roda, kile kigurudumu cha kupitishia kamba, akashusha na kupandisha, na mdomo wake haukufunguka. Waliongea kwa kamba: mvuto mmoja simama, miwili pandisha. Fuko alichimba huku amebana pumzi, akisikiliza kimya kile kikishuka ukutani kama maji ya baridi. Sasa aliinua macho kila mara. Juu kabisa, pembeni mwa ile sahani ya mwanga, alikiona kichwa cha shemeji yake kimeinama, cheusi, hakina uso.

Kanisani walipeana mkono wa amani kama ilivyo ada. Mchungaji alikuwa mtu wa kupenda somo moja, na somo hilo lilikuwa kupendana. Alisema kumpenda Mungu asiyeonekana ni rahisi, kwa sababu hakukanyagi mguu. Kazi ipo kwa huyu uliyekaa naye benchi moja. Watu wakacheka. Fuko na Nanga nao walicheka, kila mmoja akiangalia upande wake.

"Baba watoto," mkewe alimwambia jioni moja akimsugua udongo mgongoni, "mtu asiyekusalimia njiani ndiye unayempa roho yako aishike?"

"Ni shemeji yangu. Ni ndugu yangu katika imani."

"Moyo wa mtu ni kichaka. Imani inakaa humo humo na nyoka."

"Nikimwambia simtaki, nitakuwa nimeshamwita muuaji."

Mkewe aliacha kusugua. "Na usipomwambia?"

Fuko alijimwagia maji yaliyobaki. Ukweli ni kwamba na yeye alikuwa na lake moyoni, ila hakulitazama. Alikuwa amesema kweli, na kusema kweli si dhambi. Kwa nini basi aadhibiwe kila siku kama mwizi? Neno hilo alilitafuna gizani, sururu baada ya sururu, na kadiri alivyolitafuna ndivyo lilivyokuwa tamu.

Kanisa likaamua kuchimba kisima kwenye uwanja wa zahanati yake, wagonjwa wapate maji karibu. Mchungaji akawapa wao kazi, na hakuna aliyejua kuikataa bila kueleza sababu. Ardhi ya pale ilikuwa mbaya tangu juu: udongo mweusi, kisha changarawe, kisha mwamba laini wenye harufu ya yai viza. Kila asubuhi, kabla Fuko hajashuka, Nanga alishusha taa ya mafuta kwa kamba nyembamba. Taa ikiendelea kuwaka, hewa ni nzuri. Ikizimika, hakuna mtu kushuka. Hiyo ni kazi ya mshika kamba, na Nanga, pamoja na kimya chake chote, hakuwahi kuiacha.

Shimo lilipokuwa na kina cha kutisha, siku moja jioni Fuko alivuta mara mbili, akaanza kupanda. Alikanyaga vijishimo alivyochonga ukutani, kamba ikimvuta kifuani. Alikuwa amekaribia kabisa mdomo wa kisima, akiona hata mishono ya viatu vya shemeji yake, kamba ilipolegea ghafla. Alidondoka. Kiwiko kikachunika ukutani, meno yakagongana. Kisha kamba ikakaza tena, ikamning'iniza pale akizunguka taratibu kama kitu kilichotundikwa.

Alipotoka nje alikaa chini.

"Imeteleza?" aliuliza.

Nanga alikuwa akitazama viganja vyake. "Imeteleza," alisema, na sauti yake ilikuwa imekwaruza kwa kukaa muda mrefu bila kutumika.

Usiku ule Fuko alimdanganya mkewe kuhusu kiwiko. Hakulala. Asubuhi alikwenda kazini kwa miguu mizito, akiwa ameamua kusema hashuki, na hajui atasema vipi. Alimkuta Nanga amevua shati. Kamba ameshajifunga mwenyewe kifuani.

"Leo nashuka mimi," alisema Nanga.

"Wewe? Hutaenea mle."

"Nitaenea."

"Shemeji, hiyo si kazi yako."

"Shika kamba," alisema Nanga. Hakuwa mkali. Alimwangalia usoni kwa mara ya kwanza tangu mwanawe aondoke, na macho yake yalikuwa mekundu. Kisha akageuka, akaingia shimoni kinyumenyume, mabega yakikwaruza kingo.

Fuko alishika kamba. Aliizungusha kwenye kisiki cha chuma kilichosimikwa kando ya shimo, akaikaza kwa mguu kama alivyoona ikifanywa miaka yote, na uzito wa shemeji yake ukaingia mikononi mwake. Ulikuwa uzito mkubwa mno, wa kutisha. Akamshusha. Kichwa kikawa kidogo, kikawa doa, kikamezwa na giza. Sururu ikaanza kugonga.

Hapo ndipo alipoiona taa. Ilikuwa imewekwa kando ya udongo, safi, haijawashwa.

Ni kazi ya mshika kamba, na mshika kamba leo ni yeye. Je, alikuwa amesahau? Kwa miaka mingi iliyofuata alijiuliza swali hilo, na majibu yalikuwa yakibadilika kila mara. Angeweza kuvuta kamba palepale, amwite shemeji apande. Lakini sururu ilikuwa ikigonga vizuri tu. Fuko alisimama. Akasikia neno lake tamu likipanda kooni: acha naye aone. Aone kukaa huko chini bila wimbo. Akashangaa kuona mikono yake mwenyewe, midogo, myeusi kwa udongo, imeshika uhai wa mtu mzima, na haitetemeki hata kidogo.

Sururu ikapiga mwamba, ikatoa sauti ya kitu kilichopasuka. Harufu ya yai viza ikapanda hadi juu. Kisha kimya.

Kamba ikavutwa mara moja. Ikavutwa tena, kwa unyonge, kama samaki mdogo anayechokonoa chambo.

Fuko hakuvuta.

Muda wenyewe haukuwa mrefu. Mtu angeweza kupiga chafya na kujifuta pua. Lakini ndani ya muda huo Fuko alifika mahali ambapo hakuwahi kuchimba, akakuta huko mtu anayefanana naye amekaa gizani anasubiri, ametulia. Hofu iliyompata ilikuwa kubwa kuliko hofu zote za visimani.

"Shemeji!" alipiga kelele. "Shemeji!"

Akavuta. Kamba haikuja. Mtu aliyezimia ni mzigo tu, hakanyagi wala hajisaidii, na Fuko alikuwa nusu ya Nanga. Alivuta hadi miguu ikachimba mifereji, akipiga kelele kwa sauti ambayo hakuijua. Muuguzi wa zahanati akatoka mbio, nyuma yake akina mama waliokuwa foleni, mmoja akiwa bado na bandeji inayoning'inia mkononi. Wakaishika kamba mmoja nyuma ya mwingine. "Vuta! Haya, vuta!" Ngozi ya viganja vya Fuko ilitoka ikabaki kwenye kamba. Mwishowe kichwa kikatokea, kimelala begani, midomo ya buluu.

Muuguzi alimlaza, akamgeuza, akamkandamiza kifua, akampulizia pumzi. Kwa muda mrefu hapakuwa na kitu. Kisha Nanga akakohoa, na kikohozi hicho hakikumwacha tena maisha yake yote.

Walimlaza kwenye chumba cha mwisho cha zahanati, chenye dirisha linaloangalia lile shimo. Jioni dada yake Fuko alipotoka kwenda kuchemsha maji, wanaume wale wawili wakabaki peke yao. Viganja vya Fuko vilikuwa vimefungwa vitambaa.

"Jana kamba haikuteleza," alisema Nanga akitazama dari.

"Najua."

"Hujui. Hata mimi sikujua. Mkono wangu ulilegea wenyewe. Niliuona unalegea, kama mkono wa mtu mwingine. Halafu ukakaza." Akakohoa, akapumzika. "Niliomba usiku kucha. Nikaona nikiendelea kukushika, siku moja hautakaza. Nikasema, basi anishike yeye. Labda mtu akiuweka uhai wake mkononi mwako huwezi kuendelea kumchukia."

Fuko aliinamisha kichwa. Alitamani kunyamaza, lakini na yeye alikuwa ameuona mkono wake mwenyewe ukikataa kuvuta.

"Sikuwasha taa," alisema. "Na ulipovuta, nilikusikia. Nilichelewa kukuvuta, shemeji. Kwa makusudi."

Nanga aligeuza shingo yake nene, akamtazama. Nje mtu alikuwa akifunika shimo kwa mbao, na kila ubao uligonga kwa sauti ya jeneza.

"Ulichelewa kiasi gani?"

"Kidogo."

"Mimi pia ilikuwa kidogo," alisema Nanga. Kitu kama kicheko kikamtoka, kikageuka kikohozi, na Fuko ikabidi amwinue, amkalishe, amshike mgongo kwa mikono yake iliyofungwa hadi pumzi irudi. Hawakusameheana kwa maneno. Mchungaji alipokuja kuomba nao aliwakuta wamekaa vile vile, akaona aombe kwa kifupi.

Kisima kile hakikuisha. Kilijazwa mawe, wakatafuta pengine. Nanga hakuweza tena kuvuta kamba wala kuimba. Lakini habari zilipofika kwamba mwanawe ameonekana mji mwingine kwenye tanuri la matofali, na Nanga akaanza kufunga mzigo, Fuko alikuja na wa kwake.

"Wewe ndiye hataki kukuona," Nanga alimwambia.

"Ndiyo maana naenda."

Walisafiri. Wakaulizia. Wakaelekezwa kwenye chumba kimoja mwisho wa ukumbi mrefu, wenye giza mchana. Kijana alifungua mlango. Alikuwa amekonda, ndevu zimeota. Alimwona baba yake, uso ukamlegea. Akamwona aliye nyuma ya baba yake, uso ukajifunga. Ndani kulikuwa na kitanda kimerundikwa nguo za kazi na kiti kimoja. Akakisogeza kiti.

"Kaa, baba."

Fuko hakuambiwa kitu. Alibaki kizingitini, kofia mkononi.

Nanga alikuwa akihema vibaya kwa sababu ya ngazi walizopanda, amejishika ukutani. Alikitazama kile kiti, kisha akatikisa kichwa.

"Na mjomba wako?"

"Mjomba wangu ana mdomo. Mdomo hauhitaji kiti."

"Basi na mimi nitasimama naye."

Wakasimama. Kifua cha Nanga kilikuwa kikipiga filimbi, na Fuko alimshika kiwiko asianguke. Kijana aliuona ule mkono, wenye makovu ya kamba, umemshika baba yake. Taya lake likacheza. Akawapita mlangoni, akashika ukumbi, na hatua zake zikaenda mbali, mbali zaidi, hadi Fuko akafumba macho.

Kisha huko mwisho mwingine wa ukumbi wakamsikia akibisha mlango wa jirani, na sauti yake, ile nzuri ya zamani, ikiomba kuazimwa kigoda.